Barua ya wazi kwa wanaoipanga Mombasa: Ipimeni Kisauni kabla haijajaa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa, Mheshimiwa Spika na Waheshimiwa wawakilishi wa wadi zetu 30, na makamishna wa Tume ya Taifa ya Ardhi.

Assalaam aleikum, na heshima zangu kwenu nyote.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Kisauni. Nimefundisha jiografia na historia kwa miaka mingi, na wengi kati ya wanafunzi wangu sasa wana watoto katika madarasa yale yale. Ombi langu ni moja na nitalitaja mapema ili asiyekuwa na muda wa kusoma barua yote alijue. Kaunti, pamoja na Tume, ipime na kutangaza ardhi yote ya umma iliyobaki Kisauni na Nyali: njia za kushukia pwani, visima vya zamani, makaburi, viwanja vya shule, mikondo ya maji ya mvua na ukingo wa mikoko. Ramani yake itundikwe katika kila ofisi ya wadi, mahali ambapo mama muuza mahamri ataiona bila kuomba ruhusa ya mtu. Kazi hii ifanywe kabla ploti nyingine haijakatwa.

Kwa nini Kisauni? Mtu akitaja Mombasa, fikra huenda kisiwani: Fort Jesus, Mji wa Kale, bandari ya Kilindini, pembe za ndovu za Moi Avenue. Naipenda Mombasa hiyo. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima, na Mvita, yaani kisiwa chote, ilikuwa na 154,171 tu. Kisauni ilikuwa na 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415 na Changamwe 131,882. Maana yake ni kwamba kati ya kila wakazi wanane wa Mombasa, takriban saba wanalala bara. Kisauni na Nyali, zilizokuwa jimbo moja la uchaguzi hadi zilipogawanywa kuelekea uchaguzi wa 2013, zilikuwa na watu 508,507 kwa jumla, zaidi ya mara tatu ya kisiwa.

Hata hivyo mipango mingi bado hufikiriwa kisiwani kisha ikavushwa. Sisi wa ng'ambo tunahesabiwa kama pahali pa kulala. Tunaamka alfajiri, tunapanda matatu, tunabanana kwenye Daraja la Nyali, na jioni tunarudi. Ndani ya majengo ya serikali ni wachache sana wanaojiuliza pahali hapa penyewe ni pa namna gani.

Basi nieleze kidogo, kama nilivyozoea ubaoni. Ardhi yetu imezungukwa na maji pande tatu. Kusini kuna mkono wa bahari wa Tudor, unaopokea maji ya mito Kombeni na Tsalu kutoka upande wa Rabai. Kaskazini kuna hori ya Mtwapa, mkono mwingine wa bahari. Mashariki ni bahari kuu. Barabara kuu inaingia kwa Daraja la Nyali na kutoka kwa Daraja la Mtwapa. Likifungwa mojawapo, watu nusu milioni hubaki kusubiri. Ukianzia ufukweni Bamburi au Shanzu na kuelekea ndani, kwanza unakanyaga mawe ya matumbawe, yaliyokuwa mwamba hai chini ya bahari zamani za kale. Halafu unakuta mchanga, ambako minazi, mikorosho na miembe ilistawi. Kisha ardhi inainuka kwenye vilima vya Nguu Tatu, na huko udongo ni mwingine kabisa, mzito, unaoteleza mvua ikinyesha. Huwezi kujenga, kuchimba choo wala kupitisha maji kwa namna moja katika sehemu zote hizo. Kibali cha ujenzi kisichouliza nyumba inasimama juu ya nini hakijatimiza kazi yake.

Jambo la matumbawe nitalikawilia, kwa kuwa linahusu uhai wa watu. Jiwe la matumbawe lina matundu. Maji hupenya upesi, ndiyo sababu wazee wetu walichimba visima vifupi wakapata maji matamu. Lakini uchafu nao hupenya upesi vile vile. Sehemu kubwa ya Kisauni haina mabomba ya maji taka. Tunatumia vyoo vya shimo, na wenye uwezo huita magari ya kunyonya. Zamani mji mmoja, yaani makazi ya familia moja, ulikuwa na shamba lake, kisima kikiwa upande huu na choo mbali upande ule. Leo shamba hilo limekatwa vipande vya futi 50 kwa 100, na katika kila kipande kuna choo, na katika baadhi yake kuna kisima pia. Mita chache tu kati yake! Na kisima kikivutwa kwa pampu kupita kiasi karibu na pwani, maji ya bahari husogea chini kwa chini na kuchukua nafasi ya maji matamu. Mtu aliyekuwa akinywa maji ya kisima chake sasa anayatumia kufulia tu, na ya kunywa anayanunua kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni.

Maji ya bomba tunayategemea kutoka mbali. Mombasa haina mto wake wa maji matamu. Tunanyweshwa na Mzima, chemchemi iliyo Tsavo, tangu bomba lake lilipofika katika miaka ya 1950. Na upande wetu wa kaskazini tunanyweshwa na visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki katika Kaunti ya Kilifi, ambavyo maji yake hupandishwa hadi kwenye matangi ya Nguu Tatu. Matangi hayo tunayaona kila siku juu ya kilima. Wapo watu wanaoishi chini yake na bado wananunua mitungi. Mji usio na mto ungevitunza visima vyake kuliko kitu kingine chochote. Ndiyo maana natamani visima vya zamani vya umma viwe vya kwanza kuwekwa kwenye ramani hiyo, kila kimoja kikiwa na nafasi ya kukizunguka ambayo hakuna atakayeruhusiwa kuchimba choo.

Sasa historia, na naomba mnivumilie, kwani husemwa kwamba Kisauni ni mji mpya usio na historia na hivyo hakuna cha kuhifadhi. Si kweli. Katika Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, wamo Wamtwapa, Wakilifi, Wajomvu na Wachangamwe. Hao ni watu walioingia kisiwani wakitokea bara huku wakibeba majina ya miji yao. Ng'ambo ya hori ya Mtwapa yangalipo magofu ya Jumba la Mtwana, mji uliokaliwa katika karne ya 14 na ya 15, wenye msikiti unaotazama bahari. Watu walikuwa wakiishi, wakizika na kuswali katika ukanda huu kabla ya jiwe la kwanza la Fort Jesus kuwekwa mwaka 1593.

Mwaka 1844 mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa, na miezi michache baadaye mkewe Rosina akafariki pamoja na mtoto wao mchanga. Alizikwa bara, upande wa Nyali, na kaburi lake linajulikana hadi leo. Mwaka 1875 wamisionari wa Kanisa la Uingereza walianzisha Frere Town, makao ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Yalipewa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa Zanzibar kujadiliana na Sultani Barghash kuhusu mkataba wa 1873 wa kukomesha biashara hiyo. Kengele ya Frere Town ingali inasimama kando ya barabara pale Kengeleni, na maelfu ya watu huitaja kila siku wakimwambia kondakta awashushe. Wajukuu na vitukuu vya walioachwa huru wanaishi miongoni mwetu.

Nimetaja kaburi la Rosina kwa makusudi. Linaheshimiwa, na linastahili. Lakini yapo makaburi mengine mengi Kisauni, chini ya miembe na mibuyu, ya Waswahili na ya Wamijikenda, yasiyo na jiwe la kuandikwa. Waliozikwa humo walikuwa wakulima na wavuvi. Familia zao zinayajua kwa kurithishana maneno: pale penye mbuyu ulioinama ndipo alipo babu. Shamba likiuzwa kwa mtu wa mbali, mbuyu hukatwa na ukuta hupita juu. Mmoja wa majirani zangu hawezi tena kufika kwenye kaburi la mama yake bila kumwomba bawabu. Hakuna sheria mpya inayohitajika hapa. Inahitajika mtu mwenye daftari, aende akae na wazee, aandike.

Na hapo tunafika kwenye ardhi, ambayo ndiyo mzizi wa yote. Mnaijua habari hii, lakini vijana wetu wengi hawaijui, kwa hiyo nitaisema. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na tangu 1895 Waingereza waliutawala kwa mapatano naye. Mwaka 1908 walileta sheria ya hati za ardhi: kila mwenye kudai shamba ajitokeze, aonyeshe ushahidi, aandikishwe. Isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Waliojua ofisi, waliokuwa na karatasi na mashahidi, walipata hati za kudumu. Mkulima wa Kimijikenda ambaye ardhi yake ilikuwa ya ukoo, isiyo ya mtu mmoja, hakuwa na cha kuonyesha isipokuwa miti aliyoipanda. Mnamo Oktoba 1963, kuelekea uhuru, mapatano ya kuingiza ukanda huu Kenya yaliahidi kwamba hati zile zingeendelea kutambuliwa. Zikaendelea. Hivyo mtu akazaliwa, akaoa, akazeeka katika shamba moja, huku mwenye hati akiwa hajawahi kulikanyaga.

Katika hali hiyo ndipo ulipozaliwa mtindo wetu wa nyumba bila ardhi: unajenga nyumba yako, ukuta ni wako, bati ni lako, lakini kila mwezi unamlipa mwenye ardhi kodi ya pale uliposimamisha nyumba. Wengi wameishi hivyo kwa amani. Lakini familia isiyo na uhakika wa mwaka ujao haitajenga choo cha maana wala kupanda mti utakaozaa baada ya miaka saba. Na mwenye ardhi akiamua kuuza, kinachouzwa kwanza ni ile sehemu ambayo hakuna aliyejenga: kiwanja cha mpira, njia ya kwenda horini, bonde la maji. Vitu vya watu wote ndivyo vinavyoondoka mapema zaidi, kwa kuwa havina mtu mmoja wa kuvililia.

Kasi ya mambo ilibadilika mwaka 1980, Daraja la Nyali la zege lilipofunguliwa na kuchukua nafasi ya daraja la kuelea lililokuwepo tangu 1931. Kabla ya hapo Nyali ilijulikana kwa mashamba ya mkonge, na huku nyuma palikuwa na minazi na korosho. Baada ya hapo mji ulivuka. Kongowea ikawa soko kuu la jumla la pwani. Mishomoroni, Mtopanga, Bombolulu, Kiembeni, Mwandoni, Utange, kila pahali pakajaa. Mwaka 2009 kaunti ilikuwa na watu 939,370. Miaka kumi baadaye waliongezeka kwa zaidi ya robo milioni, na kisiwa kimeshajaa. Sasa barabara kutoka Mombasa kwenda Mtwapa na Kilifi inapanuliwa kuwa ya njia mbili kila upande. Naiunga mkono kwa moyo wote. Tumechoka kukaa foleni. Lakini kila barabara mpya hapa imekuwa kengele kwa wakata ploti, na safari hii watafika Mwakirunge na Marimani, sehemu za mwisho zenye mashamba.

Mwakirunge nayo ina lake. Jaa la Kibarani, pale penye lango la kuingilia kisiwani, lilifungwa na pakapandwa miti. Kila mtu alifurahi, nami nilifurahi. Taka hazikwenda mbinguni, Waheshimiwa. Zilikuja Mwakirunge, katika wadi yetu, juu ya vijito vinavyoshuka horini. Sisemi zirudishwe Kibarani. Nasema watu wa Mwakirunge waonyeshwe kwenye ramani mpaka wa jaa ni wapi, linaishia wapi, na ni kwa umbali gani kutoka hapo watu hawapaswi kuchimba kisima wala kujenga darasa.

Mtaniambia kwamba pameshaharibika, na kwamba huwezi kurudisha shamba lililokwisha kujengwa. Nitawajibu kwa mfano ulio ndani ya kaunti yetu. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954. Kilichimba matumbawe hadi pakabaki uwanja mweupe, wa moto, usio na hata udongo, na maji ya chumvi yakiwa karibu kabisa na uso wa nchi. Mwaka 1971 René Haller, mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani ya mvinje ni kama sindano na hayaozi haraka, hivyo yalirundikana bila faida, mpaka alipoletwa jongoo mkubwa wa miguu myekundu ambaye huyala na kuyageuza kuwa mboji. Mboji ikalea mimea mingine, mimea ikaita ndege, na leo watoto wa shule wanapelekwa Haller Park kuona viboko na twiga mahali palipokuwa na shimo. Nilipeleka madarasa yangu huko mara nyingi, na kila mara nilitaka waone jambo moja: alianza kwa kujua hasa ardhi ile ni ya namna gani, ina maji kiasi gani, inakubali nini na inakataa nini. Alipima kwanza.

Sheria iko upande wenu. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya mstari wa maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Hiyo inagusa sehemu kubwa ya mikoko ya Junda na ufukwe wote wa Bamburi na Shanzu. Hakuna hati halali ya mtu binafsi inayoweza kuifunga, na bado zipo njia za kwenda pwani ambazo wavuvi walizitumia tangu zama za babu zao na sasa zina geti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa miaka kumi wa matumizi ya ardhi pamoja na ule wa maendeleo wa miaka mitano, na wananchi washirikishwe. Ramani ninayoiomba ingekuwa msingi wa yote mawili. Na ninyi makamishna wa Tume mna mamlaka ya kuchunguza dhuluma za ardhi za kihistoria. Hakuna dhuluma mtakayoichunguza vyema ikiwa ushahidi wake umeshamwagiwa zege.

Najua ugumu upo. Sarveya ni wachache, bikoni za zamani, yaani alama za mipaka, zimeng'olewa, na baadhi ya waliojimegea ardhi ya umma ni watu wenye nguvu. Shule moja niliyofundisha ilipoteza upande mzima wa uwanja wake. Tuliamka tukakuta nguzo na seng'enge, na hadi ninapoandika barua hii watoto wanacheza mpira katika nusu ya uwanja waliyobakishiwa. Tulipouliza, tuliambiwa tulete hati ya shule. Shule haikuwa na hati. Shule nyingi za umma hazina, kwa sababu ardhi ilitolewa kwa neno la mzee wa mtaa mbele ya mashahidi ambao sasa ni marehemu. Anzeni na shule basi, kwa kuwa hapo hakuna wa kubisha kwamba ni mahali pa umma.

Liko pia suala la mpaka. Mji haukuishia kwenye hori. Mtwapa iko Kaunti ya Kilifi, lakini wengi wa wakazi wake wanafanya kazi Mombasa, na wengi wetu tunakwenda huko sokoni. Maji ya mvua, taka na foleni haziulizi gavana ni nani. Zungumzeni na wenzenu wa Kilifi mkae meza moja juu ya hori hiyo ya Mtwapa, mikoko ya pande zote mbili ipimwe kwa pamoja.

Masika yanakuja. Kila msimu maji hupita katika mabonde yale yale, na nyumba zilizojengwa humo hujaa hadi usawa wa kitanda. Mikondo hiyo hainihitaji mimi kuieleza. Inajionyesha yenyewe siku tatu za mvua mfululizo. Watumeni watu wenu siku hizo wakiwa na viatu vya mpira na rangi, waweke alama maji yanapopita. Huo ungekuwa ukurasa wa kwanza wa ramani, na gharama yake ni ndogo.

Wazee wanaoyajua makaburi, visima na njia hizi wanapungua kila mwaka. Waliobaki wako tayari kutembea na sarveya wenu, na sisi walimu wastaafu tuko tayari kuandika wanayoyasema bila malipo. Tunachoomba kutoka kwenu ni tarehe ya baraza la kwanza, itangazwe misikitini, makanisani na kwa wazee wa mitaa, wadi kwa wadi, kuanzia Mwakirunge ambako ardhi ingali wazi.

Wenu kwa heshima,
Mwalimu mstaafu, Kisauni, Mombasa